Tano kwa Robo Tatu: Kanuni Kwanza au Maana Kwanza?

Hoja: Katika kugawanya namba nzima kwa sehemu, mtoto wa shule ya msingi nchini Burundi apewe kwanza kanuni ya kupindua na kuzidisha, au aanze kwa kuelewa anachogawanya?

MWALIMU WA GITEGA: Mimi naanza na kanuni, na nalisema bila kificho. Sita gawanya kwa robo tatu: namba ya kwanza iache kama ilivyo, alama ya kugawanya ifanye ya kuzidisha, sehemu ipindue. Sita mara nne, ishirini na nne. Kwa tatu, nane. Ni mistari mitatu ubaoni, na mtoto wa benchi la mwisho anapata jibu sawa na wa benchi la mbele. Darasani kwangu watoto wamebanana wanne kwenye benchi moja, na kundi la asubuhi likitoka la mchana linaingia. Anayetaka nianze na maelezo marefu aje anionyeshe saa za kuyatolea.

MWALIMU WA MUYINGA: Mabenchi yangu yamejaa kama yako, mwalimu mwenzangu, na kengele yetu ni hiyo hiyo. Ninachouliza ni kimoja. Huyo mtoto wa benchi la mwisho, kuna aliyemweleza kwa nini jibu limekuwa kubwa kuliko namba aliyoanza nayo? Tangu madarasa ya chini tumemzoesha kwamba kugawanya ni kupunguza: maembe kumi na mawili, watoto watatu, kila mmoja manne. Leo anagawanya sita, anapata nane. Akiwa hashangai, ameacha kufikiri. Akiwa anashangaa na hapati wa kumjibu, atatoka akiamini kwamba hisabati ni amri ya mwalimu.

MWALIMU WA GITEGA: Si amri, ni urithi. Brahmagupta wa India aliandika mwaka 628 kwamba sehemu inayogawa hubadilishwa, ya juu ikaenda chini na ya chini ikaja juu, kisha watu wazidishe. Ni karibu miaka 1,400 sasa, na kanuni hiyo haijamwangusha mtu. Na sehemu si jambo la pekee. Tunapomfundisha mtoto kujumlisha, tunamwambia andika tano, shika moja. Hatumzuii kushika ile moja mpaka aweze kutueleza makumi ni nini. Anaitumia kwanza, na maana humjia kadiri anavyoitumia.

MWALIMU WA MUYINGA: Ukitaka kwenda kwa wazee, twende wote. Wachina walikuwa na kitabu cha hesabu kiitwacho Sura Tisa, na mwaka 263 Liu Hui akakiandikia maelezo. Mle hakuna kupindua. Wao walizifanya namba zote mbili ziwe na asili moja, kisha wakagawanya. Chukua hiyo sita yako. Kila moja ina robo nne, kwa hiyo sita ni robo ishirini na nne. Sasa uliza: katika robo ishirini na nne, mafungu ya robo tatu ni mangapi? Manane. Hiyo nayo ni kanuni, tena ina umri mkubwa kuliko yako, lakini mtoto anaiona kwa macho. Anatambua kwamba hatafuti kila mtu apate ngapi. Anatafuta kitu kidogo kimeingia mara ngapi katika kikubwa, na kikiwa kidogo zaidi kitaingia mara nyingi zaidi. Ile nane haimtishi tena.

FUNDI CHEREHANI WA MUYINGA: Walimu wangu, naomba nafasi. Hilo mnalobishania, kwangu ndiyo kazi ya kila siku. Mteja ananiletea mita tano za kaki nimshonee kaptula za shule. Kaptula ya mtoto mdogo inakula robo tatu ya mita. Natandaza kitambaa mezani, naweka utepe, natia alama kwa chaki: robo tatu, moja na nusu, mbili na robo, tatu, tatu na robo tatu, nne na nusu. Hizo ni kaptula sita. Kinabaki kipande, nakipima, ni nusu mita. Kwa hiyo tano kwa robo tatu ni sita na nusu. Sikupindua kitu.

MWALIMU WA GITEGA: Mama, kwa heshima yote, jibu hilo kwenye karatasi ya mtihani ni kosa. Tano mara nne ni ishirini, kwa tatu ni sita na theluthi mbili. Mwalimu mwenzangu, umesikia? Huyu ni mtu mzima, anajua kitambaa kuliko sisi sote, ameshika utepe mkononi, ameelewa kabisa anachogawanya, na bado amekosa. Mtoto wangu wa darasa la sita, ambaye hajawahi kushika mkasi, amepatia.

FUNDI CHEREHANI WA MUYINGA: Theluthi mbili iko wapi, mwalimu? Njoo mezani kwangu uioneshe. Kilichobaki nimekipima kwa mkono huu, ni nusu. Utepe wangu hauna theluthi.

MWANAFUNZI WA DARASA LA TISA, GITEGA: Naomba ruhusa niulize, mwalimu. Jibu hilo la sita na theluthi mbili mimi huwa nalipata. Nalichorea mstari chini na nasahihishiwa. Lakini ni theluthi mbili za nini? Mita au kaptula?

MWALIMU WA GITEGA: Za kaptula. Sehemu iliyobaki hupimwa kwa kile tunachogawia.

MWALIMU WA MUYINGA: Ni sawa kabisa, na sentensi hiyo ndiyo somo lenyewe. Tazameni kipande cha Mama. Nusu mita ni robo mbili za mita. Kaptula moja inataka robo tatu. Kwa hiyo ana robo mbili kati ya tatu anazohitaji, yaani theluthi mbili za kaptula. Mama hakukosa kupima. Amechukua sita, ambayo ni hesabu ya kaptula, akaiunganisha na nusu, ambayo ni hesabu ya mita. Na mtoto wa darasa la sita hakukosa kukokotoa, ila hajui alichokipata ni nini. Kila mmoja ana kipande cha ukweli kilichompungua mwenzake.

MWALIMU WA GITEGA: Hapo umenipa haki. Umekubali kwamba kuelewa peke yake kunaweza kumpeleka mtu pembeni, na kwamba kanuni ndiyo iliyolinda jibu. Ukiwaacha watoto wapime kamba na kukunja karatasi wiki nzima, nusu ya darasa itaandika sita na nusu, na wataiandika kwa kujiamini kwa kuwa wameiona kwa macho yao. Kosa la namna hiyo ni gumu kuling'oa. Kanuni haikosei.

MWANAFUNZI WA DARASA LA TISA, GITEGA: Kanuni haikosei, mwalimu, lakini sisi tunaikosea. Katika zoezi moja nilikumbuka kwamba kuna namba inayopinduliwa, nikasahau ni ipi. Nikapindua tano, ikawa moja juu ya tano, nikazidisha kwa tatu juu ya nne, nikapata tatu juu ya ishirini. Jirani yangu alizipindua zote mbili, akapata nne juu ya kumi na tano. Tukalinganisha madaftari, na hakuna kati yetu aliyejua nani amepata. Yote yalikuwa majibu, yameandikwa vizuri.

FUNDI CHEREHANI WA MUYINGA: Tatu juu ya ishirini? Mwanangu, yaani mita tano za kitambaa hazitoshi hata kaptula moja? Hilo hata mwanafunzi wangu wa cherehani aliyeanza leo angelikataa.

MWALIMU WA MUYINGA: Angelikataa kwa sababu anajua jibu linapaswa kuwa wapi: zaidi ya tano, kwa kuwa kila kaptula inakula chini ya mita moja. Hiyo ndiyo kinga ninayoitafuta. Mama alikosea kwa sehemu ya kaptula moja, na kosa lake ungelisahihisha kwa swali moja tu. Mwenye kanuni bila maana amekosea kwa kaptula sita nzima, na hana cha kumshtua.

MWALIMU WA GITEGA: Hilo ni upungufu wa mazoezi. Mtoto akifanya mifano ishirini hawezi kusahau ipi inapinduliwa. Na tuseme yaliyo wazi: mwisho wa darasa la tisa kuna mtihani wa taifa, na ndio unaoamua nani anaendelea. Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, wazazi wanaona ofisi zinahamia hapa, na wanataka watoto wao waje kukaa katika ofisi hizo. Mlango ni mtihani. Tena msitudharau. Mwaka 2014 tathmini ya elimu iitwayo PASEC ilipima watoto wa darasa la pili na wa mwisho wa shule ya msingi katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, na katika hisabati Burundi ilikuwa mbele. Sisi maskini, wenye mabenchi haya haya. Waliofundisha watoto wale walikuwa walimu wa kanuni na mazoezi.

MWALIMU WA MUYINGA: Fahari hiyo ni yetu sote, na mimi naitaja kila ninapopata nafasi. Lakini waliochambua matokeo yale walitaja jambo lingine: watoto wetu wanaanza masomo kwa Kirundi, lugha wanayoielewa wote, kutoka Muyinga hadi Makamba. Watoto wa nchi nyingi kati ya zile walianza hesabu kwa Kifaransa ambacho nyumbani hakisemwi. Wa kwetu walielewa walichoambiwa. Kama matokeo yale yana ushuhuda, basi yanashuhudia upande wa kuelewa.

MWALIMU WA GITEGA: Vema, tuishike hiyo hoja ya lugha. Kwa mpango ulioletwa na sheria ya elimu ya 2013, Kirundi kinafundishia miaka minne ya kwanza, na darasa la tano mtoto anaingia kwenye Kifaransa. Sehemu zinakolea wakati huo huo. Unataka nimweleze mtoto, kwa Kifaransa anachokiokota bado, kwamba kilichobaki hupimwa kwa kile tunachogawia? Darasani kwangu kuna aliyezaliwa hapa, kuna aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania. Huko kwenu Muyinga kuna kambi ya Kinama, yenye watoto wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili cha Kivu. Alama ya kugawanya haina lugha. Nne juu ya tatu haina lugha. Kanuni inamfikia kila mtoto siku ile ile. Maelezo yako yanamfikia aliyeelewa sentensi tu, na wengine wanabaki wanakutazama mdomo.

MWALIMU WA MUYINGA: Hoja hiyo ni nzito kuliko zote ulizotoa, na siwezi kuipita juu juu. Lakini kamba nayo haina lugha. Nikimpa mtoto kamba ya mita tano na kijiti cha robo tatu ya mita, hana haja ya Kifaransa changu. Atapima, atahesabu sita, atabaki na kipande kifupi mkononi. Namwekea kipande hicho juu ya kijiti. Anaona kijiti kimegawika robo tatu na kipande kimefunika mbili. Naandika ubaoni sita na theluthi mbili. Sikutoa hotuba. Hapo aliyezaliwa Muyinga, aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma na aliyekimbia Kivu wameona kitu kimoja.

MWALIMU WA GITEGA: Na mwalimu anayeweza kuliongoza somo hilo yuko wapi? Wengi wetu tulifundishwa kwa kanuni.

MWALIMU WA MUYINGA: Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa makini. Liping Ma wa Shanghai alipelekwa kijijini akiwa kijana, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka mingi baadaye akafanya utafiti nchini Marekani. Katika kitabu chake cha 1999 alieleza majibu ya walimu 23 wa Marekani na 72 wa China kwa hesabu moja: moja na robo tatu gawanya kwa nusu. Aliwataka pia watunge kisa cha kawaida kinachoonyesha maana yake. Kati ya Wamarekani 23, mmoja tu alitunga kisa sahihi. Kati ya Wachina 72, walifaulu 65. Na wale Wachina hawakuwa na vyeti vikubwa. Miaka yao ya kukaa darasani ilikuwa michache kuliko ya Wamarekani, ila walizoea kukaa pamoja na kuchambua somo moja mpaka mizizi yake. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji walimu wa shule moja kukaa mezani.

MWALIMU WA GITEGA: Malizia kisa, mwenzangu. Katika kukokotoa, Wachina wote 72 walipata jibu sahihi, tatu na nusu, wakati zaidi ya nusu ya Wamarekani waliojaribu hawakufika. Waliojua maana ndio hao hao waliokuwa wepesi wa kanuni. Aliyeshindwa kanuni alishindwa na maana pia. Sasa kipi kilitangulia? Kitabu hicho hakikupi wewe ushindi. Kinaonyesha kwamba kanuni iliyoshikwa barabara ni ngazi ya kupandia.

FUNDI CHEREHANI WA MUYINGA: Mnavutana juu ya kipi kitangulie, lakini kwetu sokoni viwili hivyo vinakuja pamoja. Tuseme robo tatu ya kilo ya maharagwe nimeinunua kwa faranga 1,800. Nataka kujua kilo nzima ni bei gani. Zile 1,800 nazigawa kwa tatu, napata bei ya robo, 600. Nazidisha kwa nne, kilo ni 2,400. Hata mirathi ya Kiislamu hufanywa hivyo. Mjane aliyeachiwa watoto fungu lake ni thumni. Ukiambiwa thumni yake ilikuwa faranga 150,000, basi unazidisha kwa nane, unajua mali yote ilikuwa 1,200,000. Hakuna anayeketi kutafuta thumni imeingia mara ngapi.

MWALIMU WA MUYINGA: Mama, hapo ndipo kanuni ya mwenzangu ilipozaliwa! Elfu moja mia nane gawanya kwa robo tatu: umegawa kwa tatu, ukazidisha kwa nne. Hiyo ndiyo nne juu ya tatu. Tatu imeshuka chini kwa sababu uliitumia kugawa ili upate robo moja, na nne imepanda juu kwa sababu kilo moja ina robo nne. Kupindua ni hatua mbili za sokoni zilizoandikwa kwa mstari mmoja.

MWANAFUNZI WA DARASA LA TISA, GITEGA: Kumbe hiyo ndiyo sababu sisi mwaka huu tunaambiwa kwenye milinganyo, robo tatu ya namba fulani ni 1,800, pindua uzidishe. Nilidhani ni kanuni nyingine.

MWALIMU WA GITEGA: Ni ile ile, na hiyo ndiyo faida yake: imekusindikiza mpaka darasa la tisa. Mfano wa Mama naukubali na nitautumia. Ni mfupi, una bei ambazo mtoto anazijua, na unaeleza kupindua ndani ya dakika tano. Kamba na vijiti kwa kundi zima ni vipindi vinne, na vipindi hivyo nitavitoa wapi? Kwa hiyo mimi nabaki pale pale. Kanuni siku ya kwanza, ili kila mtoto aondoke na kitu mkononi. Siku ya pili mfano wa maharagwe. Kisha mazoezi, na kila jibu liandikwe pamoja na jina la kitu.

MWALIMU WA MUYINGA: Nami nabaki pangu. Nikiitoa kanuni siku ya kwanza, siku ya pili hakuna atakayenisikiliza, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kupata jibu haoni sababu ya kuuliza. Vipindi vinne unavyoviogopa tunavilipa baadaye, tunapolirudia somo hili darasa la saba, la nane na la tisa kwa watoto wale wale. Nitaanza na kamba, nitakwenda kwenye robo ishirini na nne za Wachina, na siku ya tatu nitawapa kupindua. Lakini hakuna atakayetoka darasani kwangu bila kanuni hiyo. Hapo sina ubishi na wewe.

MWANAFUNZI WA DARASA LA TISA, GITEGA: Walimu wetu, mimi naomba moja tu. Vyovyote mtakavyoanza, tuwekeeni swali moja kabla ya kuandika chochote: jibu litakuwa kubwa kuliko namba ya kwanza au dogo? Ningekuwa nimezoea kujiuliza hivyo, ile tatu juu ya ishirini ningeifuta mwenyewe.

FUNDI CHEREHANI WA MUYINGA: Nami nasema na wazazi wenzangu, wa Gitega na wa Muyinga. Msiwaachie walimu peke yao. Nyumbani kuna kamba, kuna utepe, kuna kopo la kupimia mchele. Mpe mtoto mita tano, mwambie akate vipande vya robo tatu, kisha afanye hesabu hiyo hiyo kwenye daftari kama alivyofundishwa shuleni. Akikuletea sita na theluthi mbili, usimsifu bado. Muulize: theluthi mbili za nini? Akikujibu, mwalimu wake amefanya kazi yake, popote alipoanzia. Asipokujibu, mrudishe kwa mwalimu na swali hilo hilo.